Siku sita Usambara na watoto wawili: Dar – Lushoto – Tanga, na kazi zilizotungoja nyumbani

Haya yameandikwa baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari lililokaa ndani ya gari na picha za simu. Gari ni dogo, injini ya cc 1,500, automatiki. Ndani walikuwa watu wazima wawili na watoto wa miaka 6 na 10. Ilikuwa mwisho wa Juni, likizo ya katikati ya mwaka, kipupwe kimeshaanza. Mpango wa kwanza ulikuwa na matembezi mawili kila siku, asubuhi moja na jioni moja. Ulidumu siku moja tu. Kuanzia hapo tulishika kitu kimoja kwa siku, na atakayefuata njia hii na watoto aanze hivyo tangu mwanzo.

Ijumaa jioni: gari na mzigo

Upepo wa tairi wengi huuacha ule ule wa mjini. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna stika ya presha, na baadhi ya magari huonyesha namba ya gari tupu na ya gari lililojaa. Tairi za nyuma tuliziongeza kutoka 33 hadi 36. Pima asubuhi kabla ya gari kutembea, kwa sababu tairi ikipata moto kipimo hupanda na kukudanganya.

Mafuta ya breki ndiyo yanayosahaulika. Yananyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yakishapita miaka miwili huchemka mapema. Kwenye barabara ya tambarare hutagundua kitu. Kwenye mteremko mrefu yakichemka, mvuke huingia kwenye mabomba na pedali inazama bila gari kusimama. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yabadilishwe.

Mengine ni ya kawaida: spea yenye upepo, jeki, wili spana, pembetatu mbili za kuakisi, na kizimamoto ambacho tarehe yake haijapita, maana askari huangalia tarehe. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ulisafiri kwenye buti ukiwa wima, umefungwa kamba, regyuleta imetolewa. Mablanketi yawekwe juu ya mzigo. Tuliyaweka chini, na saa mbili usiku tukajikuta tunapakua gari zima kwenye baridi.

Siku ya 1, Jumamosi: Dar – Mombo – Lushoto

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Anayetokea Kimara au Mbezi atapita Kibaha na Chalinze. Anayetokea Tegeta au Bunju hana haja ya kurudi mjini: aelekee Bagamoyo, akate kushoto Makofia, atokee Msata kwenye barabara kuu ya kaskazini. Kipande hicho ni kilomita 64 za lami na malori ni machache. Ndicho tulichopita. Mbele yake daraja jipya la Wami limeondoa adha ya lile la zamani, jembamba, ambapo malori yalikuwa yakisubiriana.

Kutoka Wami hadi Mkata hakuna la kusimulia isipokuwa mabango ya 50. Kila kijiji kina la kuingilia na la kutokea, na tochi ya askari ya kupima mwendo hupenda kukaa karibu na lile la kutokea, pale dereva anapodhani nyumba zimekwisha. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa na hulipwa kwa namba ya malipo. Ukiona bango la kwanza, shuka hadi 48 na ubaki hapo mpaka uone la pili kwa macho yako.

Kabla ya Kabuku tulikuta matawi mabichi yamelazwa barabarani, moja, kisha jingine baada ya hatua thelathini. Maana yake kuna chombo kimeharibika mbele, punguza mwendo. Lilikuwa lori la mbao limekata shafti katikati ya kilima. Vijana wa kijiji walikuwa wakiruhusu magari kwa zamu, mmoja juu na mmoja chini, wakipeana ishara kwa kofia. Tulikaa pale dakika 55. Hakuna aliyewatuma, na walipopewa hela ya soda walipokea moja tu, wakasema itawatosha wote.

Segera barabara inagawanyika: kulia Tanga, kushoto Korogwe na Moshi. Mashamba ya mkonge yanaanza kuonekana, mistari iliyonyooka kama daftari la mtoto. Mombo tulifika saa 7 mchana, jua kali, njaa kali, na hapo tukafanya kosa kubwa la safari nzima: chipsi mayai kwa watoto, sahani zilizojaa, robo saa kabla ya kupanda mlima.

Mombo iko chini kabisa ya mlima na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Kati yao ni kilomita 33 za lami nyembamba, kona juu ya kona, ukuta wa jiwe upande mmoja na bonde upande wa pili. Piga honi kabla ya kona usiyoiona. Anayepanda hupewa njia. Mabasi hukata kona kwa kuingia upande wako, kwa hiyo usikumbatie mstari wa kati hata kama barabara inaonekana tupu. Ukiona mshale wa joto la injini unapanda, zima kiyoyozi na ufungue madirisha. Mshale ukiendelea kupanda, simama kwenye nafasi pana, acha injini iungurume bila gia, na usifungue rejeta.

Kilomita chache kabla ya Soni, mdogo alitapika. Kisha mkubwa naye.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara alikuja na jagi la maji kabla hata hatujaomba. “Usimpe maji mengi, baba,” alisema, “msukutue tu. Kisha ale kitu kikavu.” Akatoa mahindi ya kukaanga kutoka kwenye kikapu chake mwenyewe, akakataa hela. Tulinunua chane mbili za ndizi kulipa fadhila.

Kwa watakaofuata: mtoto ale chakula chepesi na kikavu saa moja na nusu kabla ya Mombo, si Mombo penyewe. Mkate, ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha. Mafuta na maziwa ndiyo mabaya zaidi. Anayeugua akae katikati ya siti ya nyuma aone barabara mbele, simu na vitabu viondolewe. Sikio linauambia ubongo kwamba mwili unayumba, jicho likitazama skrini linasema umetulia, na huo ugomvi ndio unaoleta kichefuchefu. Dirisha liwe wazi hata kama ni baridi. Mifuko miwili ya kutapikia iwe mkononi mwa mtu mzima, isiwe kwenye buti.

Maporomoko ya Soni yanaonekana ukiwa barabarani, karibu katikati ya njia. Simama hapo. Dakika ishirini za kusikiliza maji ziliwatengeneza watoto kuliko dawa yoyote.

Lushoto tulifika saa 10 jioni, tukiwa na masweta yaliyokuwa bado chini ya mzigo. Hapa kuna jambo la kusema bila kuzunguka: usiku wa Juni na Julai huku ni baridi, na mtu wa pwani hushawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani. Usifanye hivyo, hata kwa nusu saa, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na huua waliolala. Chupa ya soda ya lita moja na nusu iliyojazwa maji ya moto kiasi (yakichemka plastiki inajikunja), ikavikwa soksi na kuwekwa miguuni, inakaa na joto hadi usiku wa manane.

Siku ya 2, Jumapili: Irente kwa miguu

Kutoka Lushoto mjini hadi ukingo wa Irente ni mwendo wa kilomita tano na ushei, njia pana ya vumbi kati ya mashamba ya kabichi, karoti na viazi. Mtoto wa miaka 6 kwenye mwinuko anatembea kilomita mbili kwa saa, akisimama kila anapoona kinyonga. Ukipanga kwa mwendo wa mtu mzima, saa ya mwisho itakuwa ya kubeba. Tulitumia karibu saa tatu kwenda. Njiani kila tuliyepishana naye alitusalimia “Onga makeo,” na watoto walipojua ni salamu ya asubuhi ya Kisambaa wakaanza wao kuwahi.

Pale ukingoni ardhi inakatika ghafla. Chini, karibu mita elfu moja, unaiona Mazinde, barabara kuu kama uzi, na nyika ya Wamaasai hadi macho yanapochoka. Mwamba ni mtupu na una mchanga mwembamba juu, ambao unateleza kuliko tope. Sheria yetu ilikuwa moja: mtoto anakaribia kwa kutambaa kwa tumbo, mtu mzima ameshika mshipi wa suruali. Waliifurahia hiyo kuliko mandhari yenyewe.

Wakati wa kurudi tulipita shamba la Irente, kupata mkate mweusi, jibini na jamu vya shambani hapo hapo. Agiza chakula mapema, ukifika bila taarifa unasubiri. Kuna sehemu ya kupiga hema, nasi tulilala hapo badala ya kurudi mjini.

Kuhusu hema kwenye baridi, mambo matatu tuliyoyaona kwa macho. Turubai la chini lisichomoze nje ya sakafu ya hema hata kidogo: umande ukidondoka kwenye ncha zilizochomoza unatiririka kwenda chini ya mgongo wako. Vigingi vipigwe vikiwa vimelala nyuzi 45, kichwa kikielekea mbali na hema. Vikiwa wima vinang’oka kwa upepo wa kwanza. Na joto hupotelea chini zaidi ya juu. Blanketi mbili juu na mkeka mtupu chini ni kulala na meno yanagongana. Mkeka, kisha blanketi iliyokunjwa mara mbili, kisha godoro jembamba la sponji, halafu blanketi moja tu juu, mtu anajifunua usiku.

Acha matundu ya hewa wazi. Tuliyafunga kuzuia baridi, na kufikia alfajiri pumzi za watu wanne zilikuwa zimegeuka matone yanayodondoka kutoka darini.

Siku ya 3, Jumatatu: msitu wa Magamba

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Kiingilio unalipia kwa namba ya malipo kwenye simu, kwa hiyo uwe na salio na chaji. Tulikuwa na salio bila chaji, na mlinzi akatukopesha simu yake. Chukua mwongoza njia. Njia zinagawanyika mara kwa mara na miti ni mirefu kiasi kwamba saa 6 mchana huoni jua liko upande gani.

Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona, mlio kama mtu anayeviringisha pipa tupu. Wana mabega meupe yanayoning’inia kama shuka. Kaa kimya dakika kumi chini ya mti mmoja kuliko kutembea saa nzima ukiwatafuta.

Kisha siafu. Msafara wao ulikuwa umekatiza njia, upana wa vidole vitatu, na mkubwa akasimama juu yake kupiga picha. Siafu hupanda kwanza, huuma baadaye, kwa hiyo kelele huanza wakiwa wameshafika kiunoni. Kupangusa hakusaidii, taya zimeshakaza. Ondoka kwenye msafara hatua kumi, vua suruali, ng’oa mmoja mmoja kwa kumshika kichwa. Kinga ni rahisi: suruali iingizwe ndani ya soksi kabla ya kuingia msituni, na mtu wa mbele atazame chini, si juu kwenye mbega.

Jioni hatukufanya kitu. Viazi vya kukaanga, chai ya tangawizi, usingizi saa mbili.

Siku ya 4, Jumanne: kushuka, kisha Tanga

Mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa na makopo dirishani yenye ua dogo la zambarau, majani manene yenye manyoya. Ni ua la milima hii. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake Ujerumani, likapewa jina la Saintpaulia, na leo liko kwenye madirisha ya watu duniani kote huku makwao misituni likizidi kuwa adimu. Msituni usichume hata jani. Mama huyo alikata majani matatu ya kopo lake, akayafunga kwenye karatasi yenye unyevu, akamkabidhi mdogo: “Shika, mjukuu wangu, usiyaache juani.”

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, na hapo ndipo automatiki inapoponza watu. Ukiacha gia kwenye D, gari linakimbia lenyewe na mguu unabaki kwenye breki kilomita zote 33. Weka 2 au L (magari mengine huandika B au S), acha injini ivute gari nyuma, kisha gusa breki kwa nguvu kwa muda mfupi na uachie. Sisi tulishuka kwa D hadi karibu na Soni. Ikaja harufu kama ya waya unaoungua.

Tulisimama. Mkono ulikuwa tayari umeshika dumu la maji, fundi wa pikipiki akapiga kelele kutoka ng’ambo: “Kaka, usimwagie! Utapinda diski!” Alikuwa sahihi. Chuma chenye moto mkali kikimwagiwa maji baridi hupinda, na kuanzia hapo usukani unatetemeka kila ukifunga breki. Akaleta mawe mawili, akayaegemeza kwenye tairi gari lisitembee, akashauri handibreki isivutwe mpaka breki zipoe. Tulisubiri dakika 30. Ukipitisha mkono karibu na rimu (usiguse) na joto halikusukumi, kanyaga pedali gari likiwa limesimama: ikiwa ngumu, endelea, ikizama, usiende popote, ita fundi.

Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, Tanga: lami nzuri, joto likirudi kwa kila kilomita. Majani matatu yalisafiri ndani ya chupa iliyokatwa, chini ya siti, mahali penye kivuli.

Siku ya 5, Jumatano: Amboni na bahari

Mapango ya Amboni yako kilomita chache kaskazini ya Tanga mjini, yamechongwa na maji kwenye mwamba wa chokaa. Mwongoza njia ni lazima na hadithi zake ni nusu ya kiingilio. Ndani kuna giza kamili, popo, na sehemu za kupita umeinama au kwa magoti. Tochi ya simu inachukua mkono mmoja unaouhitaji kushika ukuta. Tochi ya kichwani, moja kwa kila mtu, ndiyo kifaa. Viatu viwe na soli yenye meno, kandambili hapana. Anayeogopa sehemu za kubana aseme mlangoni, maana ndani kugeuka ni kazi.

Mchana watoto waliingia baharini Raskazone, maji yakiwa yamejaa. Yakitoka unatembea juu ya tope na mawe makali, kwa hiyo uliza saa za maji kujaa kabla ya kubeba taulo.

Siku ya 6, Alhamisi: kurudi

Muheza ni machungwa, kando ya barabara, kwa viroba. Chagua mazito kwa ukubwa wake, usitazame rangi: huku la kijani mara nyingi ni tamu tayari. Usiweke kiroba kwenye buti lililofungwa kwa saa sita, matatu ya chini yalipasuka na kulowesha hema.

Hesabu ya mafuta: kilomita 912, lita 74. Malazi yalikula zaidi ya mafuta, na viingilio vyote kwa pamoja havikufika hata nusu ya malazi.

Wiki iliyofuata: nyumbani

Hema lilifuliwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, bila omo, ambayo huondoa ule mpako wa kuzuia maji. Likaanikwa kivulini siku mbili, mishono ikiwa nje. Likikunjwa na unyevu kidogo, linaota ukungu ndani ya wiki na harufu haitoki tena.

Usiku wa kwanza nyumbani mbu walitukumbusha tuko wapi. Nyavu za madirisha mawili zilikuwa zimechanika, tukabadilisha. Pwani usinunue wavu wa chuma, chumvi inaumaliza. Wa faiba unadumu. Kata wavu uzidi fremu sentimita 5 kila upande. Anza kubana kwa pini katikati ya upande wa juu, kisha katikati ya chini ukivuta, kisha katikati ya kushoto na kulia, halafu elekea kwenye pembe kwa nafasi ya sentimita 4. Tulipoanzia kwenye pembe dirisha la kwanza tulipata mkunjo wa mshazari usionyooka, ikabidi pini zote zing’olewe. Funika kingo kwa vipande vyembamba vya mbao, misumari iwe ya mabati.

Majani matatu: kikonyo kilikatwa kwa mshazari kikabaki sentimita 3, kikachomekwa kwenye kopo lenye nusu mchanga uliooshwa na nusu mboji, jani lenyewe lisiguse udongo. Juu, chupa ya maji iliyokatwa kitako kama kibanda. Dirisha la mashariki, jua la asubuhi likichujwa na pazia. Maji hutiwa kwenye sahani ya chini, kopo linyonye lenyewe nusu saa, yanayobaki yamwagwe. Ukimwagia juu, majani yanapata madoa.

Moja lilioza wiki ya pili, udongo ulikuwa umelowa mno. Mawili yaliyobaki, leo siku ya 33, ukiyavuta taratibu kwa vidole viwili yanakataa kutoka.